Damu kuvuja kwenye ubongo wa mtoto njiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kinga hospitalini

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila siku kwenye korido za wodi za watoto wachanga. Yanaulizwa na mama aliyejifungua jana, na baba anayesubiri mlangoni, na bibi aliyekuja na chupa ya uji, wakati mwingine hata na muuguzi aliyehamishiwa wodini wiki hii. Si lazima usome yote kwa mpangilio. Nenda kwenye swali lako. Kwa hali ya mtoto wako mwenyewe, msikilize daktari anayemwona.

## Mambo ya msingi

1. Damu inavuja sehemu gani ya ubongo, na kwa nini iwe kwa njiti?

Katikati ya ubongo kuna vyumba vidogo vyenye maji. Pembeni mwa vyumba hivyo, mtoto akiwa bado tumboni, kuna tabaka laini ambamo seli mpya za ubongo huzaliwa. Tabaka hilo linahitaji damu nyingi, hivyo limejaa mishipa, lakini ni mishipa ya muda tu: kuta zake ni nyembamba kama ule utando wa ndani ya ganda la yai. Mimba ikifika wiki 32 hadi 34 hivi, tabaka huwa limesinyaa na kazi yake imekwisha. Mtoto wa wiki 26 anazaliwa likiwa bado limejaa.

Kuna jambo la pili. Ubongo wa mtu mzima hujirekebishia wenyewe kiasi cha damu kinachoingia. Presha ikipanda mishipa hujibana, ikishuka hujiachia. Njiti mdogo bado hana uwezo huo wa kutosha, kwa hiyo presha yake ikiruka, ubongo unaipokea yote. Karibu kila hatua ya kinga utakayoisoma hapa chini inalenga ama kuimarisha mishipa hiyo, ama kuzuia presha isipande na kushuka ghafla.

2. Ni njiti wote walio hatarini?

Hapana. Hatari iko hasa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wenye chini ya gramu 1,500, na inaongezeka kadiri umri wa mimba unavyopungua. Wa chini ya wiki 28 ndio wanaotunyima usingizi. Wa kiume wako hatarini zaidi kidogo kuliko wa kike. Mtoto wa wiki 35 anayenyonya na kulia vizuri, hata awe mdogo wa umbo, hayumo kwenye kundi hili.

Ndiyo maana tunasisitiza umri wa mimba ujulikane kwa uhakika. Ultrasaundi moja kabla ya wiki 24 inamaliza ubishi wote wa "nilikosea tarehe".

3. Damu huvuja lini?

Mara nyingi ndani ya siku tatu za kwanza, na karibu nusu ya visa hutokea ndani ya saa 24. Baada ya saa 72 hatari hupungua sana, ingawa haiishi kabisa kwa mtoto anayeumwa sana. Kwa hiyo wodi inapozungumzia "saa 72", inazungumzia dirisha hili.

4. Daktari amesema "daraja la pili". Ni mbaya kiasi gani?

Madaraja haya yalipangwa na daktari Lu-Ann Papile na wenzake huko Marekani mwaka 1978, na bado yanatumika. Daraja la kwanza, damu imebaki kwenye lile tabaka. La pili, imeingia kwenye vyumba vya maji lakini haijavitanua. La tatu, imejaa hadi vyumba vimetanuka. La nne, damu imeonekana ndani ya nyama ya ubongo yenyewe.

Watoto wengi wa daraja la kwanza na la pili hukua vizuri. Kwenye la tatu na la nne, uwezekano wa kupata kichwa kikubwa (maji kujaa kichwani) au mtindio wa ubongo ni mkubwa zaidi. Lakini si hukumu. Damu ya daraja la nne iliyo upande mmoja, kwa mfano, inaweza kuacha udhaifu wa mkono na mguu wa upande mwingine tu, na mtoto akatembea, akasoma. Kumbuka pia kwamba daraja ni picha ya siku ile. Damu inaweza kuongezeka, ndiyo maana kipimo hurudiwa (swali la 18).

5. Nilibeba ndoo za maji na nikagombana na mume wangu wiki ile. Nimemsababishia mimi?

Hapana. Damu hii haivuji kwa sababu ya ndoo, ugomvi, kijicho cha jirani, wala chakula ulichokataa kula. Inavuja kwa sababu mtoto amezaliwa mishipa ikiwa haijakomaa. Na kama ndugu wa mume wameanza kuulizana "alifanya nini?", mwombe daktari au muuguzi aongee nao uso kwa uso. Hiyo ni sehemu ya kazi yetu, na maneno hayo yakiachwa humkausha mama maziwa kuliko njaa.

## Kabla mtoto hajazaliwa

6. Sindano za kukomaza mapafu zinahusiana vipi na ubongo?

Jina lake linazificha. Ni sindano za steroidi, deksamethasoni au betamethasoni, anazochomwa mama anayetarajiwa kujifungua njiti. Watu wa kwanza kuonyesha faida yake kwa binadamu walikuwa Graham Liggins na Ross Howie huko Auckland, New Zealand, mwaka 1972, nao walikuwa wakitazama mapafu. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba watoto hao pia huvuja damu kichwani mara chache zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba mapafu yaliyokomaa huleta mtikisiko mdogo wa presha na hewa, na sehemu nyingine ni kwamba mishipa yenyewe huimarika.

Kwa deksamethasoni, dozi iliyozoeleka ni miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Faida kubwa hupatikana kuanzia saa 24 baada ya kuanza hadi takriban siku saba. Hata hivyo mama ambaye huenda akajifungua baada ya saa chache bado huanzishiwa. Sindano moja iliyowahi ni bora kuliko nne zilizopangwa kwenye faili.

7. Basi kwa nini zahanati ya kijijini kwetu isinichome tu, nikajifungulie hapo hapo?

Swali zuri, na jibu lake lilipatikana kwa uchungu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia, ulijaribu kusambaza sindano hizi hadi ngazi ya jamii. Vifo vya wachanga waliozaliwa na uzito mdogo sana havikupungua; vifo vya watoto wachanga kwa ujumla viliongezeka kidogo, na maambukizi kwa akina mama pia yalionekana kuongezeka. Wengi waliochomwa hawakujifungua njiti kabisa, kwa sababu umri wa mimba ulikadiriwa tu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan uliwachoma akina mama waliopimwa kwa ultrasaundi, wa wiki 26 hadi 33, katika hospitali zenye uwezo wa kumhudumia njiti. Safari hii vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 23.5% hadi 19.6%. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mazingira: umri wa mimba unaojulikana, mama asiye na dalili za maambukizi, na wodi inayoweza kumpokea mtoto. Ukinilazimisha nitaje utafiti mmoja unaoeleza kwa nini mada hii ni ya hospitali zaidi ya dawa, nitakutajia hizi mbili kwa pamoja.

8. Chupa imepasuka nikiwa na wiki 28, wanataka kunipa rufaa usiku huu. Kwa nini wasinizalishe kisha mtoto ndiye apelekwe?

Kwa sababu hakuna inkubeta inayolishinda tumbo lako. Njiti aliyezaliwa sehemu moja na kusafirishwa kwenda nyingine ndani ya saa zile 72 anapata baridi, mtikisiko wa barabara, kubadilishiwa mikono na mashine, yaani kila kitu tunachojaribu kumwepusha nacho. Tafiti za nchi nyingi zimeona watoto wanaosafirishwa baada ya kuzaliwa wakivuja damu zaidi ya wale waliozaliwa kwenye hospitali yenye wodi yao.

Kama njia imefunguka sana na safari ni ndefu, timu inaweza kuamua ujifungue hapo ulipo, kwa kuwa kujifungulia kwenye gari la wagonjwa ni hatari zaidi. Vinginevyo, omba sindano ya kwanza ya steroidi kabla ya kuondoka, na muda uliochomwa uandikwe kwenye karatasi ya rufaa. Karatasi isiyo na muda huo humfanya daktari wa upande wa pili abahatishe.

9. Nimechomwa pia magnesiamu. Hiyo ni ya nini?

Ikiwa huna kifafa cha mimba, basi ni kwa ajili ya ubongo wa mtoto: magnesiamu salfeti ikitolewa karibu na kujifungua hupunguza uwezekano wa mtindio wa ubongo. Kuhusu damu kuvuja, haijaonyesha kinga ya wazi. Mwili kupata joto wakati inapoingia ni kawaida. Ukishindwa kupumua vizuri, sema mara moja.

10. Nikifanyiwa upasuaji mtoto atakuwa salama zaidi?

Hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba upasuaji peke yake huzuia damu kuvuja. Hufanywa kwa sababu nyingine, kama mtoto kutanguliza makalio au mapigo ya moyo kushuka.

## Dakika za kwanza

11. Kwa nini mkunga hakukata kitovu haraka?

Kwa sababu damu nyingi ya mtoto bado iko kwenye kondo. Akisubiri sekunde 60 au zaidi, damu hiyo humwingia taratibu na presha yake inatulia. Kama mtoto hapumui kabisa na mkunga hana namna ya kumsaidia akiwa bado ameunganishwa na mama, kumsaidia kupumua kunatangulia.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema, nalo ni kukamua kitovu kuelekea kwa mtoto ili kuokoa muda. Kwa njiti wadogo sana usifanye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulisimamishwa mapema kwa watoto wa wiki 23 hadi 27 baada ya kuonekana kuwa 22% ya waliokamuliwa kitovu walivuja damu kwa kiwango kikali, dhidi ya 6% ya waliosubiriwa. Damu ile ile, mtoto yule yule. Tofauti ni kasi iliyoingia nayo.

12. Wamemtia mwanangu kwenye mfuko wa plastiki! Ni sawa?

Ni sawa kabisa. Mtoto wa chini ya wiki 32 anapoteza joto kupitia ngozi yenye majimaji. Anaingizwa kwenye mfuko safi hadi shingoni bila hata kukaushwa, anavishwa kofia, na uso unabaki wazi. Lengo ni afike wodini akiwa na nyuzi 36.5 hadi 37.5. Njiti aliyefika na nyuzi 34 ameanza safari na mzigo: presha, sukari na upumuaji wake vyote vinayumba. Madirisha ya chumba cha kujifungulia yafungwe na feni izimwe. Wakubwa mkiona joto, vumilieni.

## Saa 72 za mwanzo wodini

13. Mbona wauguzi hawataki nimguse? Na mbona wenyewe wanamgeuza kwa mbwembwe nyingi hivyo?

Chukua mfano wa kubadilisha pampasi. Mazoea yetu wote ni kumshika mtoto vifundo vya miguu kwa mkono mmoja na kumnyanyua makalio. Kwa njiti wa siku mbili, damu ya miguuni na tumboni inarudi ghafla kifuani, na presha ya kichwani inapanda. Kwa hiyo mnaona wauguzi wawili. Mmoja ameshika kichwa na mabega yasipishane na mwili. Mwingine anambiringisha upande, mwili wote kwa pamoja, anavuta pampasi chafu, anasogeza safi, kisha wanamrudisha. Hakuna mguu ulionyanyuliwa kuzidi kichwa.

Kichwa nacho hakilazwi upande. Shingo ikipinda, mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani hubanwa upande huo, na damu hurundikana ubongoni. Mtoto analazwa pua ikitazama dari, kitanda kimeinuliwa nyuzi 15 hadi 30 upande wa kichwa, na khanga mbili zilizoviringishwa zinamzuia asipinde. Nikiri kwamba tafiti za mkao wa kichwa peke yake ni chache na ndogo. Lakini khanga mbili hazina gharama, na hatujaona zikimdhuru mtoto.

Huduma pia hukusanywa pamoja: joto, pampasi, dawa na vipimo kwa wakati mmoja, halafu anaachwa alale. Kabla ya sindano hupewa tone la maziwa ya mama au maji ya sukari, maana maumivu na kilio navyo hupandisha presha. Hii haina maana kwamba wewe umefukuzwa. Kiganja chako kikitulia juu ya kichwa na miguu yake, bila kusugua wala kupapasa, kinamtuliza. Muulize muuguzi saa ya kufanya hivyo, na muda mwingine utumie kukamua maziwa.

14. Mashine ya kupumulia inaweza kusababisha damu kuvuja?

Inaweza kuchangia ikitumiwa vibaya, na kukosa msaada wa kupumua nako ni hatari. Jambo la kuelewa ni hewa chafu, kaboni dayoksaidi. Ikizidi mwilini, mishipa ya ubongo hutanuka na damu huingia kwa wingi. Ikishuka mno, mishipa hujibana na ubongo unakosa damu. Kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka kwa haraka. Anayembania mtoto begi la hewa kwa nguvu na kwa kasi, akidhani anamwokoa, anaweza kuishusha kaboni dayoksaidi ndani ya dakika chache, na akipasua pafu mambo huwa mabaya zaidi.

Kwa hiyo mtoto anayepumua mwenyewe huanzishiwa CPAP, ile ya mrija wa puani wenye maji yanayotoa mapovu, badala ya kuingizwa mpira kooni. Akihitaji mashine kamili, ile inayopima ujazo wa kila pumzi ni salama zaidi kwa ubongo kuliko inayosukuma kwa presha tu. Kunyonya makamasi kooni kila mara kwa ratiba hakufai, hufanywa panapohitajika.

15. Kwa nini dripu ya mtoto inakwenda polepole wakati anaonekana ana presha ndogo?

Kwa sababu ya swali la 1. Maji yakisukumwa kwa dakika mbili tatu, presha inaruka kutoka chini kwenda juu, na hapo ndipo mishipa hupasuka. Yakihitajika hutolewa taratibu, kwa nusu saa au zaidi, na kwa sababu inayoeleweka, siyo kwa namba moja ya presha iliyosomwa kwenye mkanda usiomtosha mkono. Bikaboneti ya sodiamu, dawa ya kupunguza asidi kwenye damu, nayo haisukumwi haraka. Hata damu ya vipimo inayotolewa kwenye mrija wa kitovu huvutwa na kurudishwa kwa mwendo wa pole, kwa nusu dakika au zaidi. Ukitaka kumjua muuguzi mzoefu wa njiti, tazama dole gumba lake kwenye bomba la sindano.

16. Huduma ya kangaroo ianze lini? Si mmesema asiguswe?

Utafiti wa mwaka 2021 katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania uliwaweka watoto wa kilo 1.0 hadi 1.799 kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie. Vifo ndani ya siku 28 vilipungua kwa robo: kutoka 15.7% hadi 12.0%. Kwa watoto hao, hoja imekwisha. Kifua cha mama ndicho mahali pao, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo.

Kwa wa chini ya kilo moja, hospitali hazifanani. Baadhi husubiri saa 72 zipite, nyingine huanza mapema ikiwa kuna watu wawili wa kumhamisha bila kumtikisa. Kinachokubalika kote ni kwamba hatari iko kwenye kumhamisha, siyo kwenye kifua. Akishakaa, akae kwa saa nyingi. Kumtoa na kumrudisha kila nusu saa ili ndugu wampige picha ni kumchosha bure.

17. Kuna dawa ya kumpa mtoto ili damu isivuje? Vitamini K haitoshi?

Vitamini K lazima apewe, lakini inazuia ugonjwa mwingine wa kutokwa damu, unaotokana na upungufu wa vitamini hiyo. Haiimarishi mishipa ya lile tabaka.

Indomethasini ndiyo iliyojaribiwa zaidi. Mwaka 2001 utafiti mkubwa wa watoto wa chini ya kilo moja ulionyesha kwamba damu kali ilipungua kutoka 13% hadi 9%, lakini walipofika miezi 18 idadi ya waliofariki au kubaki na ulemavu haikutofautiana. Ndiyo maana hospitali nyingi hazimpi kila mtoto. Na wanaodhani kumwongezea mtoto chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, mapema ni kinga, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kinyume: waliowekewa mapema kwa tahadhari walifariki au kuvuja damu nyingi mara nyingi zaidi kuliko waliosubiriwa hadi chembe hizo zikashuka mno. Kafeini anayopewa njiti ni ya kumsaidia asisahau kupumua.

## Vipimo na kinachofuata

18. Atapimwaje, na lini?

Kwa ultrasaundi kupitia utosini, pale ambapo mfupa haujafunga. Haina mionzi, haiumi, na mashine huletwa kitandani. Waliozaliwa wiki 30 au kabla hupimwa katika siku 7 hadi 10 za mwanzo, kisha tena baada ya wiki nne hadi sita, na mara nyingine anapokaribia tarehe ambayo angezaliwa. Mwenye dalili hasubiri ratiba: anayeishiwa damu ghafla, aliyevimba utosi, anayeacha kupumua mara kwa mara, mwenye degedege, au aliyelegea mwili wote. Lakini wengi hawaonyeshi dalili yoyote. "Anaonekana mzima" haitoshi kuahirisha kipimo.

19. Damu imeshavuja. Kuna upasuaji wa kuitoa?

Kwa kawaida hapana. Mwili huinyonya taratibu. Kazi ya wodi ni kumlinda asivuje zaidi na kufuatilia kama maji yanaanza kujaa. Mzunguko wa kichwa hupimwa kwa utepe, kwa mkao uleule, na kuchorwa kwenye grafu. Ukiongezeka zaidi ya sentimita 2 kwa wiki, daktari wa upasuaji wa ubongo aitwe.

Njia inayojulikana ni mrija wa kupeleka maji tumboni. Nyingine ni kufungua njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera na kuchoma tishu inayotengeneza maji hayo. Njia hii iliendelezwa na daktari Benjamin Warf katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kwa ajili ya watoto ambao wangeishi mbali na hospitali mrija ukiziba. Si kila mtoto wa njiti anaifaa. Hapa kwetu Tanzania, watoto wa vichwa vikubwa hupasuliwa pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

20. Tumesharudi nyumbani. Utosi unadunda, na shangazi anataka kumnyoosha kichwa.

Utosi kudunda ni kawaida. Unafuata mapigo ya moyo. Utosi uliovimba na kukaza mtoto akiwa ametulia na ameketishwa wima siyo kawaida, sawa na macho yanayotazama chini tu au kutapika kusikoisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kumkanda na kumbinya kichwa kwa mafuta ili kiwe duara, mwambieni shangazi kwa heshima zote kwamba daktari amekataza. Na hatua zake za ukuaji zihesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

## Kwa wafanyakazi, na maswali ya pembeni

21. Wodi yetu haina ultrasaundi wala mashine za kisasa, na muuguzi mmoja ana watoto kumi na zaidi. Tuanzie wapi?

Anzieni na vitu mnavyoweza kupima kesho asubuhi kwa kipimajoto na kalamu. Kati ya njiti waliozaliwa mwezi uliopita kabla ya wiki 32, ni wangapi mama zao walipata angalau dozi moja ya steroidi? Wangapi walifika wodini na nyuzi 36.5 au zaidi? Wangapi kitovu chao kilisubiriwa? Majibu yabandikwe ukutani ambapo leba na wodi ya watoto wote watayaona, kwa sababu sehemu kubwa ya kinga hii inafanyika leba huku lawama zikishushwa wodini.

Ubandikeni pia ukurasa mmoja wa saa 72: pua ikitazama dari, kitanda kimeinuka, miguu haipandi, maji taratibu, huduma kwa pamoja. Huko Ulm, Ujerumani, hospitali iliyokusanya hatua za namna hii na kuzifuatilia iliripoti mwaka 2013 kwamba damu kuvuja ilishuka kutoka takriban 22% hadi takriban 10% ya njiti wadogo. Ni ulinganisho wa kabla na baada, hauwezi kusema hatua ipi ilifanya kazi, na wao wana wauguzi wengi kuliko sisi. Bado, hakuna mashine mpya kwenye orodha hiyo.

Kuhusu watoto kumi kwa muuguzi mmoja, sitakudanganya kwamba bango litaliziba pengo hilo. Panga walio ndani ya saa 72 wakae karibu na meza ya muuguzi, wafundishe akina mama kushika kichwa wakati wa kubadilisha pampasi, na mpelekee mganga mfawidhi namba za ukutani pamoja na ombi la kuongezewa watu. Wafadhili hupenda kutoa mashine ya kupumulia. Bila muuguzi anayejua kuisoma, inaweza kuleta hatari ya swali la 14.

22. Nina mapacha, mmoja amevuja damu, mwingine hapana. Inawezekanaje?

Walishiriki tumbo, lakini kila mmoja ana mishipa yake na historia yake ya dakika za kwanza. Mmoja anaweza kuwa alichelewa kulia au alihitaji mashine. Aliye salama apimwe kwa ratiba ileile.

23. Mwanangu alizaliwa miezi tisa kamili, naye kavuja damu kichwani. Haya yote yanamhusu?

Machache tu. Kwa mtoto wa miezi timilifu chanzo huwa kingine: uzazi mgumu, kukosa hewa, upungufu wa vitamini K, tatizo la kuganda kwa damu au la mshipa. Anahitaji uchunguzi wake mwenyewe.

24. Nataka mtoto mwingine. Itajirudia?

Kilicho na tabia ya kujirudia ni kujifungua kabla ya wakati, siyo damu kuvuja kwenyewe. Ukijua una mimba, nenda kliniki mapema na sema wazi kuwa ulishajifungua njiti, na wa wiki ngapi. Fanya ultrasaundi mapema, pima mkojo na maambukizi mengine, na muulize daktari kama unahitaji kupimwa urefu wa shingo ya kizazi au kutumia projesteroni, homoni ya kusaidia kutunza mimba. Kisha, kabla ya wiki 24, amueni na mumeo hospitali gani mtakimbilia uchungu ukianza mapema, nani atawapeleka usiku, na nani atabaki na mtoto mkubwa.